Matunzo ya Mgonjwa wa Saratani na Maradhi ya Damu Nje ya Wodi

Sehemu kubwa ya tiba ya saratani na ya maradhi ya damu haifanyiki katika kitanda cha hospitali. Mgonjwa hutundikiwa dripu ya dawa asubuhi, ikamalizika alasiri, akarudi nyumbani na tarehe ya kuja tena baada ya wiki 3. Anayepigwa mionzi hufika Jumatatu hadi Ijumaa, hulala chini ya mashine dakika chache, kisha hushika njia yake. Mtoto mwenye selimundu huonwa kliniki siku moja, halafu hupita mwezi mzima au zaidi kabla ya kuonwa tena. Saa zikihesabiwa, daktari huwa na mgonjwa kwa muda mfupi mno, na yote yanayotokea katikati huwaangukia watu wa nyumbani ambao aghalabu hawakufundishwa kitu.

Nchini Tanzania umbali huongeza uzito. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo pekee iliyokuwa na mashine za mionzi, mpaka Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza. Mgonjwa wa Kigoma, Songea au Mtwara bado husafiri mbali, na akipata homa usiku akiwa kwake, aliye karibu naye ni mganga wa zahanati ambaye huenda hajawahi kumwona mtu aliye kwenye dawa za saratani. Kwa hiyo matunzo hupangwa kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, si baada ya tatizo kutokea.

Jambo la kwanza ni kumteua msimamizi mmoja. Ugonjwa mkubwa unapoingia katika ukoo watu hujaa: shangazi ana dawa aliyosikia, kaka mkubwa ndiye anayelipa, jirani ndiye anayepika. Wote wana nia njema, lakini shughuli ya wote mara nyingi hukosa mwenyewe, na kidonge cha jioni husahaulika kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshakitoa. Msimamizi si lazima awe mkubwa wa familia wala mwenye fedha. Anayefaa ni yule anayelala nyumba moja na mgonjwa, anayeweza kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, na ambaye mgonjwa haoni haya kumweleza kwamba ameharisha au amejikojolea. Awepo na wa pili anayejua kila kitu anachokijua wa kwanza, maana msimamizi naye huugua na husafiri.

Chombo chake kikuu ni daftari la kawaida la shule. Vyeti na majibu ya vipimo hukaa katika bahasha moja isiyotenganishwa nalo. Ukurasa wa kwanza hubeba jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika, majina ya dawa za dripu na tarehe zilipotundikwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru mgonjwa, namba ya faili, namba ya simu ya kliniki na ya zamu ya usiku. Kurasa zinazofuata hujazwa kila siku kwa maneno machache: “Jumanne, siku ya 9 tangu dripu. Saa 1 jioni joto 37.2. Uji nusu kikombe, ndizi moja. Choo hakuna tangu Jumapili. Maumivu ya mgongo 6 kati ya 10, baada ya dawa 3.” Mistari hiyo humwambia daktari, kwa nusu dakika, kile ambacho mgonjwa aliyechoka na safari ya basi asingeweza kukikumbuka. Mwishoni mwa daftari hukaa maswali ya kuuliza siku ya kliniki, kwa kuwa mbele ya daktari maswali hupotea.

Hakuna hatari ya nyumbani inayohitaji umakini kuliko homa. Dawa nyingi za saratani huzuia uboho kutengeneza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga. Chembe hizo mara nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na katika siku hizo bakteria ambao mtu mzima wa afya asingewahisi huweza kuua katika muda wa saa chache. Huenda usaha usionekane wala kikohozi kisisikike, kwa kuwa chembe zinazoleta dalili hizo hazipo. Joto ndilo ishara, na wakati mwingine ndilo ishara pekee. Kwa sababu hiyo kipimajoto ni ununuzi wa kwanza wa familia, kabla ya juisi na kabla ya vyakula vya kumtia mgonjwa nguvu. Joto likifika 38, safari ya hospitali huanza wakati huohuo, iwe saa 8 usiku au sikukuu. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo, hivyo hata 37.5 inayojirudia baada ya saa moja ni sababu ya kupiga simu. Kutetemeka kwa baridi kali bila joto kupanda hupewa uzito uleule.

Makosa mawili hurudiwa sana hapa. La kwanza ni kumpa mgonjwa parasetamoli kisha kusubiri kuona itakuwaje: joto hushuka, ugonjwa huendelea, na asubuhi huwa kumekucha vibaya. La pili ni kuiita kila homa malaria na kununua dawa ya mseto dukani. Malaria inaweza kuwepo kweli, na ipimwe, lakini kipimo chake kikionyesha vimelea hakiondoi uwezekano wa bakteria kuwa katika damu. Mgonjwa huyu anahitaji antibayotiki ya sindano ndani ya saa moja ya kufika kituoni. Hospitali inayomtibu iombwe barua fupi ya kubandikwa katika daftari, ikimweleza mganga yeyote atakayempokea kwamba mtu huyu yuko kwenye dawa za saratani, akija na homa asipangwe foleni, na aanziwe dawa gani kabla ya kupewa rufaa. Barua hiyo imebeba maisha ya mtu, na familia isione haya kuidai.

Zipo dalili nyingine zisizongoja asubuhi. Damu ya puani au ya fizi isiyokatika, au vidoa vidogo vyekundu vinavyotapakaa ngozini, humaanisha kwamba chembe sahani zimepungua. Miguu inayokufa ganzi au kulegea kwa mwenye maumivu ya mgongo, hasa mkojo nao ukizuilika, huonyesha kwamba uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa siku moja au mbili kunaweza kumnyima mtu uwezo wa kutembea maisha yake yote. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika, kuchanganyikiwa, na uvimbe wa moto pale ilipochomwa dripu pia ni mambo ya siku ileile. Mkojo mwekundu baada ya doksorubisini, kwa upande mwingine, ni rangi ya dawa yenyewe na huondoka baada ya siku moja au mbili. Familia isiyoambiwa hilo hukesha kwa hofu bure.

Dawa za dripu hutoka mwilini kupitia mkojo, kinyesi na matapishi kwa siku 2 hadi 3. Katika siku hizo anayemsafisha mgonjwa huvaa glavu, nguo zilizochafuka hufuliwa peke yake na mara mbili, na choo cha kuvuta humwagiwa maji mara mbili. Choo cha shimo hufunikwa. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Zaidi ya hapo hakuna sababu ya kumtenga mtu: saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja, na anayepigwa mionzi kwa mashine ya nje habebi mionzi kurudi nayo nyumbani. Kumtengea sahani na kikombe kwa hofu ya kuambukizwa ni dhuluma inayouma kuliko ugonjwa.

Kinachotakiwa ni kumkinga yeye dhidi ya wengine. Maji yachemshwe, nyama na mayai viive kabisa, matunda yaoshwe na kumenywa, kachumbari iachwe katika siku za kinga kushuka, na chandarua kiwe kizima. Wageni wanaokuja kumjulia hali hawafukuzwi, kwa kuwa utu hauruhusu na mgonjwa anawahitaji. Hunawa mikono, hukaa barazani kwenye hewa, na mwenye mafua husalimia kwa simu. Mgeni anayeuliza asaidie nini apewe jibu la kweli: kufua, kumpokea mtoto shuleni, nauli ya kliniki ijayo, au kukaa na mgonjwa mchana mmoja ili msimamizi alale.

Kinywa husahaulika mpaka kimeshajaa vidonda. Mswaki laini mara mbili kwa siku, na kusukutua baada ya kila mlo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, hupunguza vidonda hivyo. Dawa za kusukutua zenye pombe huchoma na hazifai. Chakula cha siku hizi huwa kidogo na cha mara nyingi: uji ulioongezwa karanga au maziwa, mtori, viazi vilivyopondwa, supu iliyopoa. Harufu ya kukaanga humtibua mgonjwa tumbo, kwa hiyo jiko liwe mbali na anapolala. Kumlazimisha ale kwa machozi na maneno makali hakuongezi uzito. Mara nyingi kichefuchefu kina dawa ambayo kliniki haikuandika kwa sababu hakuna aliyesema.

Dawa za kumeza nyumbani zina hatari yake, nayo ni kupona machoni. Mwenye saratani ya damu ya aina sugu anayetumia imatinibu hurudi kazini baada ya miezi michache, hunenepa, halafu huanza kuruka siku. Ugonjwa hurudi ukiwa sugu kwa dawa ileile. Imatinibu humezwa kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na balungi huachwa kwa kuwa huongeza kiwango cha dawa katika damu. Tamoksifeni kwa saratani ya matiti humezwa miaka 5, wakati mwingine 10. Kila kidonge kifungwe na tendo lisilosahaulika, kama chai ya asubuhi au swala ya magharibi. Dawa za miti shamba zitajwe kliniki bila woga: baadhi huumiza ini au huingiliana na tiba, na daktari anayegombeza mgonjwa kwa kuzitaja humfundisha kuficha tu.

Mionzi huja na mashaka ya aina nyingine, nayo ni ya malazi. Wiki 5 au zaidi mjini ni mzigo mzito kuliko tiba yenyewe, na wanaokatisha wengi hukatisha kwa kukosa pa kulala na cha kula. Hosteli, nyumba za dini na ndugu wa mjini waulizwe kabla ya safari, na hesabu ifanywe ya muda wote, si ya wiki ya kwanza. Alama zilizochorwa ngozini zisifutwe. Ngozi hiyo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaushwa bila kusuguliwa, hufunikwa kwa nguo laini ya pamba isiyobana, na haipakwi kitu kisichoruhusiwa na watoa mionzi.

Maumivu ndiyo sehemu ambayo nyumba nyingi zimekata tamaa bila sababu. Mgonjwa hulia usiku, watu humwombea, na dawa ipo. Morfini ya maji, unga uliochanganywa na maji katika chupa, ni rahisi na hunyweka nyumbani. Uganda iliijengea mfumo mzima: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliopewa mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika, jambo lililoifikisha vijijini kusiko na daktari. Nairobi Hospice nayo imekuwepo tangu 1990. Tanzania dawa hii hupatikana Ocean Road na katika hospitali nyingine zenye tiba shufaa, na familia iiulizie kwa jina lake.

Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo hutolewa kwa saa na haisubiri maumivu yaanze. Ratiba inayotumika sana ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Kipimo cha mwisho mara nyingi daktari hukiandika maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 ya usiku. Kipimo huvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni, na maandishi ya chupa husomwa kila chupa mpya inapokuja, kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana na chupa zaweza kufanana. Usingizi wa siku 2 au 3 za mwanzo hupita, lakini kufunga choo hakupiti, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile na morfini. Mgonjwa asiyeamshika, anayepumua kwa mbali sana, huwahishwa hospitali. Hofu ya kwamba mwenye saratani atageuka teja imewatesa watu wengi pasipo faida: anayeinywa kwa maumivu na kwa kipimo hatafuti ulevi, na maumivu yakipungua hupunguziwa taratibu. Kupewa morfini hakumaanishi kwamba amehukumiwa kufa.

Maradhi ya damu ya kurithi hudumu maisha yote. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Mtoto huyu hupewa penisilini ya kumeza mara 2 kwa siku tangu miezi ya mwanzo hadi atimize miaka 5, chanjo zote, asidi foliki, kinga ya malaria, na wengi sasa haidroksiurea, inayopunguza vipindi vya maumivu lakini huhitaji damu kupimwa mara kwa mara. Maji mengi, nguo za kutosha wakati wa baridi na kuepuka kuchoka kupita kiasi huzuia vipindi hivyo. Homa ya 38.5 na kuendelea ni ya hospitali.

Mama hufundishwa kupapasa bandama, na ujuzi huo una thamani kubwa. Mtoto hulala chali, magoti yamekunjwa, tumbo limelegea. Vidole vya mama huanzia chini ya tumbo upande wa kushoto, hupanda polepole kuelekea mbavu, vikitafuta ukingo mgumu. Ukiguswa, hupimwa kwa upana wa vidole kutoka kwenye ubavu, na idadi huandikwa katika daftari. Ikiwa jana vilikuwa viwili na leo ni vinne, na mtoto amekuwa mweupe viganjani na amelegea, basi damu inajikusanya ndani ya bandama, naye huhitaji kuongezewa damu saa hiyohiyo. Mdomo uliopinda, mkono mmoja uliolegea au maneno kutotoka vizuri ni kiharusi, ambacho huwapata hata watoto wadogo wenye ugonjwa huu. Uume uliosimama kwa maumivu zaidi ya saa 2 nao ni dharura, na wavulana huuficha kwa aibu, kwa hiyo waambiwe mapema na mtu wanayemwamini. Mwalimu aelezwe kwa maandishi kwamba mtoto lazima anywe maji na aruhusiwe kwenda chooni. Kukojoa kitandani hutokana na figo zisizoweza kubana mkojo, na kumchapa kwa hilo ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma havinunuliwi kiholela, kwani anayetiwa damu mara nyingi huwa tayari na chuma kupita kiasi.

Mvulana mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hachomwi sindano ya msuli wala hapewi aspirini au daiklofenaki. Goti au kifundo kikianza kuwasha na kujaa joto, damu imeshaanza kuvuja: hupumzishwa, huwekewa barafu iliyofungwa kitambaani, hufungwa bendeji, huinuliwa, na dawa ya kugandisha damu hutafutwa mara moja. Akigonga kichwa hupelekwa hospitali hata kama anacheka. Jando na kung'oa jino hufanyika pale tu palipo na dawa hiyo na wanaojua kuitumia. Ngariba haruhusiwi kumgusa.

Wengi wa wagonjwa hawa huishi kwa damu ya wengine. Chembe sahani hudumu siku 5 tu baada ya kutolewa, hivyo haziwezi kuwekwa akiba ya mwezi. Ndugu wenye afya wajipange kwa zamu kuchangia katika kituo cha Damu Salama, wanaume kila baada ya miezi 3 na wanawake kila baada ya miezi 4, badala ya kukimbizana siku ya shida.

Fedha huisha kwanza katika nauli, ndipo katika dawa. Nauli ya dharura, pamoja na namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayekubali kuamshwa usiku, hutengwa mahali pasipoguswa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo njia ya kuomba msamaha wa gharama, na huendewa siku ya kwanza, kabla ya shamba kuuzwa. Nchini Kenya kila aliye chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, athibitishe usajili na michango yake kabla ya mzunguko wa dawa kuanza.

Mgonjwa aambiwe ukweli wa ugonjwa wake kwa kiasi anachotaka kujua. Familia nyingi humficha kwa mapenzi, lakini anayetapika na kunyonyoka nywele anajua, na siri humwacha peke yake na hofu yake. Akiujua, anaweza kusema anataka kutibiwa mpaka wapi, nani awalee watoto, na kama angependa kufia kwake. Tiba ya kuponya ikikoma, tiba shufaa huendelea: maumivu hudhibitiwa, kinywa hulowanishwa, mwili hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili usipate vidonda, na timu ya hospitali au mhudumu wa afya wa jamii hupewa taarifa ya siku zinavyokwenda.

Baada ya msiba morfini iliyobaki hurudishwa hospitali ilikotoka. Haipewi jirani anayeumwa, kwa kuwa kipimo cha aliyeizoea chaweza kumuua asiyeizoea. Daftari huhifadhiwa. Dada na mabinti wa aliyekufa kwa saratani ya matiti watahitaji kumweleza daktari umri aliougulia, na wazazi waliofiwa na mtoto mwenye selimundu huitumia nafasi hiyo kuwapima watoto wengine, kwa sababu wazazi wawili wanaobeba kinasaba cha selimundu wana uwezekano wa 1 kati ya 4, katika kila mimba, wa kupata mtoto mwingine mwenye ugonjwa.